Waini gani uweke mezani ukipika dina ya nyumbani kipindi cha baridi: hatua kwa hatua

Baridi ikishakaza chakula nacho kinabadilika. Sufuria inakaa jikoni masaa matatu manne, nyama inachemka polepole mpaka inaachia mfupa, mchuzi unakuwa mzito unang'aa mafuta, viazi vinapondwa na siagi, jibini linayeyushwa juu, halafu mtu anasema hii Jumamosi naita watu watano sita tukae mezani kama watu. Hapo hapo linakuja swali la waini. Na wengi wetu tunafanya kitu kimoja, tunachukua nyekundu nzito kuliko zote, nyeusi tii, kilevi asilimia 15, sababu tunaona chakula kizito na nje baridi kali basi na waini nayo iwe nzito hivyo hivyo. Nimefanya hivyo miaka mingi. Glasi ya kwanza inapita vizuri, ya pili watu wanaanza kusukuma sahani pembeni, nyama inabaki, mtu anasinzia kabla kitamutamu hakijafika. Chakula hakikuwa kibaya, waini haikuwa mbaya, ni vizito viwili vimelaliana.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba chakula cha baridi kinataka waini yenye ugwadu. Uzito unaweza kuwepo au usiwepo, ila ugwadu lazima. Twende taratibu.

1. Angalia mchuzi kwanza, nyama baadaye

Kabla hujanunua chupa yoyote andika kwenye karatasi unapika nini, kianzio, chakula chenyewe, na kitu cha mwisho. Alafu mbele ya kila kimoja usiandike "kuku" au "ng'ombe", andika kinapikwaje na kinaelea kwenye nini. Ule ushauri wa nyama nyekundu waini nyekundu, nyama nyeupe waini nyeupe, unakufikisha nusu ya njia tu. Kuku mmoja huyo huyo ukimpika kwa krimu na uyoga anataka nyeupe iliyojaa, ukimuoka na limau na thaimu anataka nyeupe nyepesi kali, ukimchemsha masaa mawili ndani ya waini nyekundu na vitunguu na bekoni, kama Wafaransa wanavyofanya kwenye coq au vin, anataka nyekundu. Kuku hajabadilika, mchuzi ndo umebadilika, na mchuzi ndo unaokutana na waini ulimini.

Kingine, andika kitu kipi kina sauti kubwa zaidi kwenye sahani. Saa ingine siyo nyama kabisa, ni nyanya, au uyoga, au pilipili, au ile sukari ya vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia.

2. Jua maneno mawili: ugwadu na ukakasi

Hapa kaa kidogo, ukielewa hapa hata ukiwa mbele ya shelfu huna mtu wa kumuuliza utachagua sawa.

Ugwadu ni ule mkato wa embe bichi au wa ukwaju, unauma pembeni ya ulimi na mate yanakujaa. Waini karibu zote zinao sababu zabibu zenyewe zinao, ila kiasi kinatofautiana sana. Usichanganye na kuchacha. Waini iliyochacha imeharibika, imeanza kuwa siki na inanuka siki, wakati waini yenye ugwadu ni nzima kabisa na inachangamsha mdomo. Lugha yetu imeyatenganisha haya mawili vizuri kabisa na mimi nadhani tutumie huo utajiri wetu, maana nimeona watu wakionja Riesling nzuri, aina ya waini nyeupe, wanasema imechacha, haijachacha, ina ugwadu.

Ukakasi ni kitu kingine. Ni ile hali ya ndizi mbichi, au chai ya rangi iliyokaa na majani muda mrefu ikapoa, mdomo unakauka na ulimi unakwama kwama kwenye fizi. Kwenye waini ukakasi unatoka kwenye tanini, na tanini inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, nyingine kwenye pipa la mwaloni. Nyekundu inatengenezwa maganda yakiwa ndani ndo maana ina ukakasi, nyeupe maganda yanatolewa mapema ndo maana haina au inao kidogo sana.

Sasa kazi zake. Tanini inashika protini. Ukinywa waini kavu (yaani isiyo tamu) yenye ukakasi bila kula chochote inashika protini za mate yako, ndo maana mdomo unakauka. Ukila nyama yenye mafuta na chumvi pamoja nayo, tanini inapata kitu kingine cha kushika na waini ile ile inalainika. Hii jaribu mwenyewe, onja nyekundu kavu peke yake, kisha tafuna kipande cha nyama chenye chumvi, onja tena. Ni kama umebadilishiwa glasi.

Ugwadu wenyewe unakata mafuta. Unajua unapokamulia limau juu ya nyama yenye mafuta na ghafla unaweza kula tena vipande vitatu? Waini yenye ugwadu inafanya hiyo kazi kila unapopiga funda, inasafisha mdomo, unarudi kwenye sahani na hamu mpya. Chakula cha baridi kimejaa mafuta, siagi, krimu, jibini, uboho wa mifupa, kwahiyo bila huo mkato kinakushinda nusu ya sahani.

Utaujuaje ugwadu bila kufungua chupa? Njia ya kwanza ni aina ya zabibu. Nyekundu zenye ugwadu mzuri ni Pinot Noir, Gamay (ndo zabibu ya Beaujolais), Barbera, Sangiovese (ndo zabibu kuu ya Chianti) na Nebbiolo ambayo ndo inatengeneza Barolo. Nyeupe ni Riesling, Chenin Blanc, Sauvignon Blanc na Chardonnay ya sehemu za baridi kama Chablis. Kati ya hizo nyekundu, Barbera, Gamay na Pinot Noir zina ukakasi mdogo, Sangiovese unao wa kutosha, Nebbiolo unao mwingi sana hata kama rangi yake imefifia, usidanganyike na rangi.

Njia ya pili ni namba ya kilevi kwenye lebo. Zabibu inavyozidi kuiva sukari inapanda na ugwadu unashuka, na sukari ndo inageuka kilevi. Kwahiyo chupa ya asilimia 12.5 au 13 mara nyingi imetoka sehemu ya ubaridi na ina ugwadu zaidi kuliko ya 15 iliyotoka kwenye jua kali. Siyo sheria ya mia kwa mia ila inasaidia sana.

3. Chagua ya chakula kikuu, hiyo ndo chupa ya muhimu

Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole kwenye waini nyekundu na karoti na uyoga. Hiki ni chakula cha Burgundy, eneo la waini huko Ufaransa, na Burgundy nyekundu ni Pinot Noir, wenyeji wamekula hivyo muda mrefu na hawajakosea. Wengi wanashangaa nyama nzito hivi na waini nyepesi hivi inakuwaje, ila kumbuka nyama iliyochemshwa masaa matatu imelainika, haina tena ule ukinzani wa steki, haihitaji ukakasi mkubwa wa kupambana nayo, inahitaji ugwadu wa kukata ule mchuzi. Barbera inafanya kazi hiyo hiyo vizuri sana na kwa maoni yangu ndo waini inayosahaulika kuliko zote kwa chakula cha baridi, yaani ningeambiwa nichague nyekundu moja ya msimu mzima ningechukua hiyo bila kufikiri. Kama mchuzi wako ni mweusi sana na una pilipili manga nyingi, nenda Syrah ya bonde la Rhône kaskazini, yenyewe ina ile harufu ya pilipili manga ndani yake.

Kondoo wa kuoka, bega au mguu, na vitunguu saumu na rozmari. Hapa sasa ukakasi una kazi, mafuta ya kondoo ni mazito na yana harufu yake. Cabernet Sauvignon, au mchanganyiko wa Bordeaux, au Rioja ambayo imekaa kwenye pipa (zabibu yake kuu ni Tempranillo). Steki au nyama ya kuoka ambayo ndani bado nyekundu nayo iweke kundi hili hili.

Bata wa kuoka ana mafuta mengi chini ya ngozi, Pinot Noir tena, na kama umeweka machungwa au matunda kwenye mchuzi basi hata Riesling yenye utamu kidogo inakaa vizuri kuliko nyekundu.

Mchuzi wa nyanya wenye nyama ya kusaga uliokaa jikoni nusu siku, wa kula na pasta au lasagna: nyanya ina ugwadu wake mwenyewe, na kanuni ni kwamba waini isiwe na ugwadu mdogo kuliko chakula, ikiwa chini itaonekana imepooza kama maji. Sangiovese au Barbera. Usiweke ile nzito ya jua kali hapa, itakuwa kama jemu.

Uyoga una ule utamu wa supu nzito, siyo wa sukari, na utamu huo unafanya ukakasi uonekane mchungu, kwahiyo kama mboga kuu ni uyoga na hakuna nyama epuka tanini kali, chukua Pinot Noir, au Nebbiolo iliyozeeka ambayo ukakasi wake umeshatulia. Ila ukiongeza chumvi na siagi kidogo ule uchungu unapungua.

Viazi vya kuoka kwa krimu na jibini, kuku wa krimu, samaki wa mchuzi wa siagi: Chardonnay. Iliyokaa kwenye pipa mara nyingi ina harufu ya siagi yenyewe, lakini hakikisha ina ugwadu, ya Burgundy nyeupe au ya sehemu yoyote ya ubaridi, la sivyo unaweka siagi juu ya siagi. Chenin Blanc nayo ni chaguo zuri hapa.

Jibini la kuyeyusha la kuchovya mkate, fondue, wenyewe Uswisi wanaitengeneza kwa waini nyeupe kavu na kunywa nyeupe kavu. Kuna sababu ndani ya sufuria pia, asidi ya waini inasaidia jibini lisishikane mabonge. Nyekundu na jibini lililoyeyuka hazielewani kama watu wanavyodhani.

Samaki na nyekundu: ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni ukinywa nyekundu na samaki siyo ya kufikirika tu, watafiti wa Japani mwaka 2009 walionyesha inatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye waini, na nyekundu mara nyingi zina chuma zaidi. Kama lazima nyekundu basi Pinot Noir nyepesi na samaki mwenye nyama nzito kama samoni.

Pilipili kali. Kilevi kinazidisha moto wa pilipili, kwahiyo asilimia 15 na sahani ya pilipili ni kujitesa, na ukakasi nao unaongeza ukali. Riesling yenye utamu kidogo na kilevi cha 9 mpaka 11 ndo dawa yake.

4. Cha kufungulia

Watu wakiingia kutoka kwenye baridi mkono mmoja bado kwenye kola ya koti, wape kitu chenye mapovu. Ugwadu wa waini ya mapovu ni mkubwa na inaamsha hamu, na inakwenda na karibu kila kitu cha chumvi na cha kukaanga. Champagne ni jina la eneo moja tu Ufaransa, lakini zipo Crémant, Cava, na nyingine nyingi zinazotengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa.

Angalia neno kwenye lebo maana linapoteza watu. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina 12 mpaka 17, yaani Extra Dry ni tamu kuliko Brut pamoja na kwamba maneno yanamaanisha kavu zaidi. Demi-Sec ni tamu kabisa, 32 mpaka 50, hiyo iweke pembeni kwa ajili ya keki.

Kufungua: chupa iwe ya baridi sana, legeza waya ukiwa umeshikilia kizibo kwa dole gumba muda wote, lalisha chupa kidogo, shika kizibo kisitembee na uzungushe chupa. Ndani kuna mgandamizo mara 5 hadi 6 ya ule wa hewa inayotuzunguka, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari, usimwelekezee mtu na usielekeze kwenye taa. Kinatakiwa kitoke na mlio mdogo kama pumzi.

Supu kama ipo usihangaike kutafuta chupa yake, endelea na hiyo ya mapovu. Kimiminika juu ya kimiminika hakina mengi ya kupatanisha.

5. Mwisho mtamu

Kanuni moja tu na haina msamaha: waini iwe tamu kuliko kilichopo kwenye sahani. Sukari ya chakula inafuta utamu wa matunda kwenye waini na kuacha uchungu na ukali tupu. Mwaka mmoja nilimwagia wageni nyekundu ileile kavu iliyobaki kwenye chakula, wakainywa na keki ya chokoleti niliyoipika kwa bidii, na waini ambayo dakika kumi nyuma wote waliisifia ikawa kama dawa ya kikohozi. Iliniuma sababu ilikuwa chupa nzuri na keki nzuri.

Chokoleti nyeusi ipe Port ya aina ya ruby. Port inatengenezwa kwa kuongeza pombe kali ya zabibu kabla sukari haijaisha kuchachuka, ndo maana inabaki tamu na kilevi chake ni asilimia 19 hadi 22, kwahiyo unamimina kidogo sana. Vitu vya karanga, karameli, matunda makavu, ipe Port ya tawny ambayo imekaa kwenye pipa. Keki ya tufaha au peasi inapenda Sauternes, au Riesling tamu ya kuvunwa kwa kuchelewa. Sauternes inatokana na zabibu zilizoshikwa na ukungu unaokausha maji na kuacha sukari imekolea, na bado ina ugwadu wa kutosha haikwami kooni.

Na kama hupiki kitamutamu unaweka jibini tu, basi la ukungu wa bluu na kitu kitamu. Roquefort na Sauternes, Stilton na Port, chumvi ile na sukari ile zikikutana ni raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, weka tu utaona. Jibini la mbuzi lipe Sauvignon Blanc.

6. Piga hesabu ya chupa

Chupa ni mililita 750, ukimimina mililita 125 unapata glasi sita, ukimimina 150 unapata tano. Kwa watu sita: chupa moja ya mapovu, mbili za chakula kikuu, na nusu chupa ya tamu inatosha kabisa, tena inabaki. Kama hamna wanywaji wengi punguza. Usinunue aina tano tofauti kwa meza moja, watu wanapotea na wewe mwenyewe unakimbizana na glasi badala ya kukaa.

7. Ya kupikia

Waini unayopika nayo iwe unayoweza kuinywa, ila isiwe ile ghali. Masaa matatu ya moto yanafuta harufu zote nyororo ulizolipia, yanabaki ugwadu, rangi na ukakasi. Ndo maana waini yenye ukakasi mwingi au ya pipa zito inaweza kuacha uchungu kwenye mchuzi, chagua ya ukakasi mdogo. Na iweke mapema, mimina baada ya kukaanga nyama, acha ichemke mpaka ipungue karibu nusu, kisha ndo weka supu.

Mgeni asiyekunywa kabisa, iwe kwa dini, kwa ujauzito, kwa afya, mwambie kilichomo kwenye sufuria kabla hajakaa mezani. Ule usemi kwamba kilevi chote kinayeyuka na mvuke siyo kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha ukichemsha nusu saa kinabaki kama asilimia 35, saa moja 25, na hata masaa mawili na nusu bado kuna 5. Ukijua una mgeni wa hivyo pika kwa supu ya mifupa na tone la siki ya zabibu nyekundu mwishoni, ugwadu utaupata.

8. Joto la waini, hapa ndo baridi inatudanganya

Mtu anaambiwa nyekundu inanywewa ikiwa na joto la chumba. Huo ushauri ni wa zamani za nyumba zisizokuwa na hita za kisasa, chumba kilikuwa nyuzi 16 mpaka 18. Leo nje kuna theluji ila ndani hita inawaka nyuzi 22, jiko nalo limewaka mchana kutwa, oveni iko wazi, na chupa imesimama kaunta pembeni yake. Waini inafika mezani nyuzi 24, kilevi kinapanda puani, ugwadu wote ule ulioutafuta hausikiki, inakuwa kama supu ya matunda. Kwahiyo wakati wa baridi ndo nyekundu inahitaji friji.

Nyekundu nzito lenga nyuzi 16 hadi 18, nyekundu nyepesi kama Pinot Noir na Gamay 12 hadi 14, Chardonnay na nyeupe zilizojaa 10 hadi 13, nyeupe nyepesi 7 hadi 10, ya mapovu 6 hadi 8. Kama huna kipimajoto: nyekundu iingize kwenye friji nusu saa mpaka dakika 40 kabla ya kula, nyeupe iliyojaa itoe kwenye friji dakika 20 kabla. Ikiwa baridi kidogo kuliko inavyotakiwa siyo tatizo, glasi mkononi na chumba vitaipasha zenyewe, lakini ikishakuwa ya moto mezani kuipoza ni shida.

Usiipashe karibu na hita au juu ya jiko, na usiisahau nje au kwenye buti la gari usiku kucha. Waini ya kawaida inaanza kuganda kwenye karibu nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ikiganda inatanuka na kusukuma kizibo, na ya mapovu inaweza kupasuka. Balkoni kwa saa moja sawa, usiku mzima hapana. Ukichelewa kabisa weka ndoo, barafu, maji na chumvi ya kutosha, dakika 15 hadi 20 nyeupe iko tayari. Maji ni lazima, barafu peke yake bila maji haiigusi chupa vizuri.

9. Fungua mapema uonje

Fungua nyekundu saa moja kabla wageni hawajafika na uionje wewe. Kuitoa kizibo tu na kuiacha haisaidii sana, shingo ya chupa ni nyembamba hewa haiingii, kama waini ni changa na ina ukakasi imimine kwenye jagi, ikae hapo nusu saa hadi saa moja. Ya zamani sana fanya kinyume, isimamishe wima tangu jana yake mashapo yashuke chini, imimine taratibu wakati wa kula, hewa nyingi inaimaliza.

Kuionja ni kwa sababu chupa nzima inaweza kuwa imeharibiwa na kizibo. Ikinuka boksi lililolowa maji au stoo yenye unyevu, hiyo imekufa, usiihudumie na usidhani itapona ikikaa, rudisha dukani na uwe na ya akiba. Chupa zenye kifuniko cha kuzungusha karibu hazina shida hiyo na siyo dalili ya waini ya hovyo, hilo wazo tuachane nalo.

10. Mezani

Glasi usijaze, theluthi moja inatosha, harufu inahitaji nafasi. Maji yawepo kwa kila mtu, mengi, mkate pia. Aliyekuja na gari na ndo anaendesha usimbembeleze hata mara moja, na asiyekunywa usimpe soda tu kama mtoto, mpe kitu chenye ukakasi na ugwadu kama wenzake maana naye anakula mafuta yale yale: chai nyeusi iliyopoa ikachanganywa na juisi ya komamanga na limau kidogo, kwenye glasi ile ile ya waini. Mimi siku nyingine naikunywa hiyo badala ya waini na nyama inashuka vizuri.

Mimina ya kikuu wakati chakula kinafika, sio kabla. Mwambie kila mtu ale kwanza tonge moja ndo apige funda.

Ikibaki, rudisha kizibo uweke kwenye friji hata kama ni nyekundu, siku tatu hadi tano bado inanyweka, ya mapovu siku moja mbili na kizibo maalumu cha kubana. Nyekundu iliyobaki na imeanza kupooza, kesho yake jioni iweke kwenye sufuria na ganda la chungwa, mdalasini mmoja, karafuu nne tano na sukari vijiko viwili, moto mdogo kabisa, ikianza kutoa mvuke na bado haijatokota zima na uache ikae dakika ishirini na mfuniko juu. Ichuje, ipashe tena kidogo, na uinywe kwenye kikombe cha kushika kwa mikono miwili.